Shangazi hakufa kwa risasi: mizani, vina na ukweli katika tenzi zetu

Tenzi zinazoletwa kwenye jarida letu zimekuwa nyingi, na karibu zote ni hadithi za safari: tulitoka wapi, tulivuka wapi, nani alibaki. Hilo ni jambo zuri. Lakini tunapokaa kuzisoma, tunasifu au tunalaumu kitu kimoja tu: mizani imetimia au haikutimia. Vijana wanahesabu kwa vidole, wakifika nane wanafurahi, wakifika tisa wanacheka. Mimi nasema hesabu hiyo ni ya lazima, ila haitoshi. Kuna swali lingine kubwa zaidi, nalo ni hili: mizani na vina vimemfanya mtungaji aseme nini, ambacho bila vina asingekisema?

Nitaanza na hesabu yenyewe, maana kuna watu wanaotutisha nayo. Halafu nitapita kwa Fumo Liyongo wa pwani, tuone utenzi mrefu wa hadithi unaendaje. Mwisho nitafika kwenye ubeti mmoja wa kijana wetu, ubeti ambao mizani yake haina kosa hata moja, na bado ni ubeti mbaya.

Hesabu

Utenzi una beti. Kila ubeti una mistari minne mifupi. Kila mstari una mizani nane, yaani silabi nane. Mistari mitatu ya kwanza inaishia na kina kimoja, na kina hicho kinabadilika kila ubeti. Mstari wa nne una kina chake, nacho hakibadiliki: kinatoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, hata beti ziwe elfu. Hicho wanakiita kina cha bahari. Huu hapa ubeti niliotunga ili tuone mfano:

Tukafika Ruzizini,
giza lipo, hatuoni,
mama yuko mbele, chini,
na mtoto analia.

Hesabu: Tu-ka-fi-ka-Ru-zi-zi-ni, nane. Gi-za-li-po-ha-tu-o-ni, nane. Mstari wa nne ndio unaoleta ugomvi: na-m-to-to-a-na-li-a. Ile "m" ya "mtoto" inahesabiwa peke yake. Wengi hawaelewi kwa nini herufi moja bila irabu ipewe mizani nzima.

Katika shindano moja vijana wetu waliambiwa kwamba Kiswahili cha Kongo na cha Burundi hakiingii kwenye utenzi, kwamba kwanza wajifunze kusema kama watu wa pwani. Sikubaliani, na sababu yangu iko kwenye hiyo "m". Sisi tunasema "mutoto". Mu-to-to: mizani tatu. Mtu wa Lamu anasema "mtoto": m-to-to, mizani tatu. Irabu imeanguka kinywani mwake, lakini nafasi yake haikuanguka. Kumbe kijana wa Uvira anaisikia mizani ile wazi kuliko mwanafunzi anayesoma kitabu tu. Ukiwa na shaka juu ya "mtu", sema "mutu", utapata mbili, na hiyo ndiyo hesabu ya pwani pia.

Endelea. Pwani ni "nchi", mizani mbili, n-chi. Sisi "inchi", mbili vilevile. Pwani ni "njaa", mbili. Kwetu wengi wanasema "njala", mbili. Pwani "mvua", kwetu "mvula". Pwani "fungua", kwetu "fungula". Ile "l" iliyopotea kwao iliacha irabu mbili zimekaa jirani, na hesabu haikubadilika. Anayejua Kirundi aangalie "inzara" na "imvura", ataona ni ndugu wa maneno hayo, ijapokuwa Kirundi kimeongeza irabu mbele.

Sehemu chache zinatofautiana kweli. Kitenzi chetu chenye "-aka" mwishoni, kama "tulikimbiaka", kina mizani moja zaidi ya "tulikimbia". Pia pwani watasema "hatukumwacha", tano, na sisi "hatukumuacha", sita. Hapo kanuni yangu ni rahisi: hesabu kile ambacho mdomo wako unasema, halafu usigeuke katikati ya shairi. Ukianza na "mwacha" kaa na "mwacha".

Hata Wafaransa wana shida yao. Sisi tuliosoma sekondari kwa Kifaransa tulifundishwa kuhesabu aleksandrini, silabi kumi na mbili, na pale tulihangaika na ile "e" isiyosikika: mbele ya konsonanti inahesabiwa, mwisho wa mstari haihesabiwi. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa sababu hatukuzaliwa Paris, aleksandrini si yetu.

Na utenzi haujawahi kuwa mali ya pwani peke yake. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, na aliandika Utenzi wa Enjili Takatifu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kitabu ambacho watu bado wanakishika wanapobishana juu ya vina, alizaliwa Ujiji, hapo ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi walitoa diwani wakaiita Malenga wa Bara, na jina lenyewe ni jibu. Kwa hiyo anayewaambia vijana wa Gitega au wa kambi ya Kinama, kule Gasorwe, Muyinga, kwamba mizani ni ya watu wengine, amechelewa.

Kina cha bahari kinafanya nini

Sasa tuache kuhesabu, tusikilize. Utenzi mzuri wa kusikilizia ni Utenzi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Una beti zaidi ya 200. Kijumwa alikuwa mwandishi wa hati na mchongaji pia, na hadithi aliyoiandika ilikuwa imeshasimuliwa na kuimbwa pwani kwa vizazi vingi kabla yake.

Kwa wasioijua, kwa ufupi: Liyongo ni shujaa mwenye nguvu za kutisha, na pia ni mshairi. Mtawala wa Pate anamwogopa, anamfunga. Kijakazi Saada anamletea chakula gerezani, na kila chakula kizuri walinzi wanakila wao. Liyongo anatuma ujumbe kwa wimbo, mama yake anaelewa, anaoka mkate wa wishwa na ndani anaficha tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, wanampa. Liyongo anaomba ipigwe ngoma ya gungu, na kelele zikiwa juu, yeye anakata pingu. Anatoroka, anaishi porini. Baadaye adui zake wanamtumia mwanawe mwenyewe, wanamwahidi cheo na mke. Mtoto anamuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, baba anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Mtoto anamchoma akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anaweka mshale, na anafia hapohapo akiwa amelenga. Watu wa mji wanakaa na kiu, hawathubutu kuteka maji, kwa sababu wanadhani yuko hai.

Kina cha bahari cha utenzi huu ni "-ya", kile tunachokisikia katika "-ia" na "-ea". Sababu ya kwanza ya kukichagua kila mtungaji anaijua: ni rahisi. Kiswahili kimejaa vitenzi vya kutendea: ambia, letea, pigia, ngojea, kimbilia. Ukichagua "-ya" hutaishiwa maneno hata ukifika ubeti wa 500.

Lakini urahisi si sababu peke yake. Angalia vitenzi hivyo vinasema nini. "Leta" ni kuleta tu. "Letea" ni kumletea mtu. Ndani ya neno kuna mtu wa pili. Kwa hiyo ubeti unaofungwa na kitenzi cha kutendea unafungwa na uhusiano: nani kamfanyia nani. Na hadithi ya Liyongo yote ni hiyo. Mama amfichia tupa mtoto. Saada ambebea ujumbe bwana wake. Mtoto amgeukia baba. Kina kinachorudi kila mstari wa nne kinalikumbusha sikio kwamba hakuna tendo lisilo na mwenyewe upande wa pili.

Linganisha na Utendi wa Tambuka, ambao mwaka wake unatajwa kuwa 1728, kazi ya Bwana Mwengo wa Pate, zaidi ya beti 1,000 juu ya vita vya Waislamu na Herekali wa Rumi. Bahari yake ni "-ye". Katika Kiswahili cha zamani cha kaskazini mwisho huo ulifungua mlango wa vitenzi vya jambo lililokwisha kutendeka. Huo ni mlio mwingine, wa habari za mbali ambazo zimekwisha. Mimi nikiwasikiliza wote wawili, Tambuka naona ananisimulia yaliyopita, na Liyongo naona ananionyesha watu wawili wawili. Anayeanza utenzi achague bahari akijua hivyo. Ukishaichagua, utaishi nayo mpaka mwisho.

Jambo la pili kwa Liyongo ni mwendo. Mtu akila, mizani nane. Mtu akioka mkate, mizani nane. Baba akichomwa sindano na mwanawe, mizani nane vilevile. Mtungaji hapandishi sauti. Vijana wengi wananiambia huo ni upungufu, kwamba mahali pa kifo shairi lingebadilika, lingekatika. Mimi naona kinyume. Pale kisimani watu wa mji wanaogopa kwa sababu Liyongo hajabadilika: goti liko chini, upinde umevutwa, kila kitu kiko sawa na jana. Mwendo usiobadilika ndio unaotufanya nasi tusubiri pamoja nao, tukijua kitu ambacho wao hawakijui. Shairi lingepiga kelele, lingetutoa pale.

Ubeti wa shangazi

Sasa nyumbani. Mwanzo wa mwaka 2025 watu wengi walivuka Ruzizi kutoka Kivu Kusini kuja Burundi, na baadhi ya vijana wanaotuandikia walikuwa kati yao. Mmoja wao aliandika utenzi mrefu juu ya safari ya familia yake. Jina lake silitaji, naye ameniruhusu niseme juu ya ubeti huu:

Shangazi alifariki,
watu hawahesabiki,
kwa risasi ya bunduki,
sisi tukashuhudia.

Hesabu: nane, nane, nane, nane. Vina: ki, ki, ki, na ya. Tulipousoma kwa pamoja watu walinyamaza, mama mmoja akafuta macho. Halafu ndugu wa yule kijana akasema, polepole: "Lakini shangazi alikufa na homa."

Na ni kweli. Alishikwa homa njiani, siku ya tatu akafa. Hakuna aliyempiga risasi. Nilipomuuliza kijana, jibu lake lilikuwa wazi: alianza na "alifariki", akahitaji "-ki" mbili, na "bunduki" ikaja yenyewe. Ilikaa vizuri. Ilisikika kama vita. Akaiacha.

Hapa ndipo nataka tusimame. Mtu anaweza kunijibu: ushairi si ripoti. Liyongo naye, nani ana hakika kwamba shaba peke yake ndiyo ingemuua? Ni kweli, mtungaji ana haki ya kubuni. Lakini tofauti ni mbili. Ya kwanza: kijana huyu hakubuni. Kina ndicho kilichobuni, yeye akakubali. Mtungaji akiamua kugeuza jambo, awe na sababu yake, nasi tutamuuliza sababu. "Ilikuwa na vina" si sababu. Ya pili: Liyongo hana shangazi aliye hai Gitega. Sisi tunao. Tunaishi katika hali ambayo kila mtu hapa ameulizwa hadithi yake ofisini, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na tarehe ikipishana kidogo anaangaliwa kwa jicho lingine. Watoto watakaosoma jarida hili baada ya miaka kumi hawatakuwa na karatasi nyingine. Watashika utenzi. Kwa sababu una vina, hautasahaulika, na uongo uliomo nao hautasahaulika.

Kuna madhara mengine madogo ambayo kwangu ndiyo yanauma zaidi. Risasi ilimfanya shangazi awe mmoja wa wengi. Mstari wa pili wenyewe unasema watu hawahesabiki. Lakini homa ile ilikuwa ya kwake. Siku tatu zile kuna watu walimbeba. Wote hao wametoka kwenye shairi ili "bunduki" iingie.

Kwa hiyo tulijaribu tena, yeye na mimi na ndugu yake. Hatukuanza na kina. Tulianza na mambo matatu ambayo hayawezi kubadilishwa: homa, siku tatu, na kwamba hawakumwacha. Tukauliza: kati ya maneno haya, lipi ni gumu zaidi kulihamisha? "Homa". Basi kina kitoke hapo, "-ma", na maneno mengine yaifuate homa. Ikawa hivi:

Shangazi kashikwa homa,
siku tatu anahema,
hatukumuacha nyuma,
njiani akatulia.

Mizani ni nane kila mstari, ukihesabu "hatukumuacha" kama tunavyoisema sisi. Homa, hema, nyuma: jina, kitenzi, na neno la mahali. Vina vya namna hiyo, vinavyotoka kwenye maneno ya aina tofauti, vina nguvu kuliko "nyumbani, njiani, porini", ambapo "-ni" inafanya kazi yote na mtungaji amelala. Na angalia mstari wa nne. Bahari ya "-ya" ambayo kwenye ubeti wa kwanza ilileta "tukashuhudia", neno la mahakamani, sasa imeleta "akatulia". Halikuwa neno gumu kulipata. Lilikuwa palepale kwenye bahari, likisubiri ubeti wenye ukweli ulioliita.

Mambo machache kwa wanaoandika

Nimesoma tenzi zenu zote za mwaka huu, na haya ndiyo ninayoyaona mara nyingi.

Moja. Maneno ya kujazia: "nawaambia", "sikia", "nakuelezea". Watungaji wa zamani nao wanayo, lakini mara nyingi yako mwanzoni, pale mtungaji anapowaita watu wakae karibu. Yakiwa kwenye kila ubeti wa tatu, msikilizaji anajua umekwama. Jaribu hivi: funika mistari mitatu ya kwanza, soma mistari ya nne peke yake, yote, mpaka mwisho. Ikiwa haisemi kitu, bahari yako ni kapu tupu.

Mbili. "-ia" na "-ua" si kina kimoja. "Analia" sikio linasikia "analiya". "Amefungua" linasikia "amefunguwa". "Ya" na "wa". Kwenye karatasi zote zinaishia na "a", lakini utenzi haukutungwa kwa macho. Ughani kwa sauti, utasikia mahali pamepasuka.

Tatu. Kuna anayetaka kuacha vina kabisa. Aache. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kuvifuata, na ugomvi uliotokea uliwanufaisha wasomaji wa pande zote. Ila asiache kwa sababu vina vinadanganya. Vina havidanganyi, ni sisi tunaovipa ruhusa. Shairi huru nalo linaweza kumpiga shangazi risasi.

Nne, na hili ndilo naomba mlichukue. Kabla ya ubeti wowote unaomtaja mtu aliyekufa, mahali au siku, andika kwanza kwa maneno ya kawaida kilichotokea, ukurasa wa kushoto. Piga mstari chini ya neno ambalo haliwezi kuguswa. Ubeti uuandike kulia, na kina kitoke kwenye neno lile. Ukishindwa, badilisha mistari mingine mitatu. Ukishindwa tena, gawanya jambo hilo katika beti mbili. Liyongo ana beti zaidi ya 200, hakuna aliyemwambia Kijumwa afupishe.

Ule utenzi wa kijana wetu ameurudia wote kwa njia hiyo. Beti nyingine tano zilibadilika, na mbili alizifuta kwa sababu hakukuwa na kitu ndani yake isipokuwa vina. Utatoka mzima kwenye toleo lijalo. Mtakapousoma hesabuni mizani kwa vidole, hakuna ubaya. Halafu waulizeni waliosafiri naye kama ndivyo ilivyokuwa.